Nimekabidhiwa masjala ya michoro kwenye ofisi ya wasanifu na wahandisi: nianzie wapi, na kazi hii inafika wapi?

karani_mpya

Habari za saa hizi wakuu. Ofisi ni ya wasanifu majengo na wahandisi wa miundo, watu 18, miradi 9 inayoendelea. Cheo ni katibu muhtasi, ila sasa nimeongezewa masjala ya michoro: kupokea, kutoa na kutunza. Kilichopo ni seva yenye folda za kila mtu kwa jina lake, mafaili ya mtindo wa "mpango_mwisho_mwisho2", na daftari la kusaini pale mapokezi. Rejista hakuna. Mkandarasi mmoja amejenga msingi kwa mchoro uliokwisha kubadilishwa, na sasa upande mmoja unasema tulituma, mwingine unasema hatukupokea.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Rejista iwe na nini hasa, na je, Excel inatosha au tununue mfumo? Mchoro ukitoka nje ya ofisi, hatua ni zipi? Na mtu wa utawala ambaye hakusomea usanifu wala uhandisi, njia hii inampandisha hadi wapi?

---

mdhibiti_nyaraka

Karibu sana ndugu karani. Usianze na folda. Wengi wakikabidhiwa masjala hukimbilia kusafisha seva, wanahamisha mafaili, kesho yake wachoraji wanafungua kazi na kukuta mapengo. Faili la DWG, yaani faili la mchoro la programu ya AutoCAD, mara nyingi halijitegemei. Limeunganishwa na mafaili mengine, kama gridi ya nguzo, mpango wa sakafu au mipaka ya kiwanja, na linayatafuta kupitia njia ya folda. Ukihamisha folda, kiungo kinakatika. Folda za kazi ziache zilivyo mpaka mkae na kiongozi wa wachoraji.

Wewe fungua folda mpya pembeni, ya michoro iliyotolewa tu. Ndani yake kila utoaji uwe na folda yake yenye tarehe, PDF na DWG pamoja. Ruhusa zipangwe ili wewe na mtu mmoja wa akiba ndio mnaoweza kuweka kitu humo, wengine wote wasome tu. DWG isiingie peke yake: mwambie mchoraji aifungashe kwa kile chombo cha AutoCAD kinachoitwa eTransmit, kinakusanya mafaili yaliyounganishwa, fonti na faili la unene wa mistari. Bila hivyo, ukifungua mchoro baada ya miaka mitano maandishi yamegeuka na nusu ya jengo haipo.

Rejista yenyewe ni jedwali moja kwa kila mradi. Mstari mmoja, mchoro mmoja. Kolamu za mwanzo ni namba ya mchoro, jina lake, fani, ukubwa wa karatasi na skeli. Kuanzia hapo, kila siku ya utoaji ina kolamu yake, na kwenye makutano unaandika toleo lililotoka siku hiyo. Kichwani mwa kolamu unaandika sababu ya kutoa: kwa taarifa, kwa maoni, kwa zabuni au kwa ujenzi. Chini kabisa unaorodhesha waliopelekewa na idadi ya nakala. Uzuri wa umbo hili ni kwamba ukisoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia unaona historia yote ya mchoro mmoja, na ukishuka na kolamu unaona kifurushi kizima cha siku ile. Swali la "tulituma nini, lini, kwa nani" linajibiwa kwa kidole.

Mitego ya Excel: kolamu ya namba za mchoro uipange kuwa maandishi kabla hujaandika chochote, la sivyo 0101 itageuka 101 na 3-4 itageuka tarehe. Tarehe kwenye majina ya folda ziandike mwaka, mwezi, siku, ndipo zijipange zenyewe. Majina ya folda yawe mafupi. Kwenye Windows programu nyingi bado zinakwama njia nzima ya faili ikipita herufi 260, na ofisi zetu zinapenda folda ndani ya folda zenye jina kamili la mradi kila ngazi. Faili linaonekana lipo lakini halifunguki wala halinakiliki.

Namba ya mchoro haibadiliki tangu kuzaliwa hadi kufungwa kwa mradi. Kinachobadilika ni toleo. Neno "mwisho" lipigwe marufuku kwenye jina la faili. Ofisi zinazofuata ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, kwa utaratibu wa Uingereza hutumia P01, P02 kwa michoro ambayo bado inajadiliwa na C01, C02 kwa iliyoidhinishwa kwa mkataba, pamoja na alama ya matumizi: S1 ni kwa uratibu kati ya fani, S2 kwa taarifa, S3 kwa mapitio na maoni. Hata kama hamhitaji mfumo wote huo, ile tofauti ya P na C ichukueni. Fundi akiona P kwenye kona anajua hapaswi kumwaga zege kwa karatasi hiyo.

Kuhusu kununua mfumo: kwa miradi 9 Excel inatosha, kwa sharti kwamba mwandishi ni mmoja. Siku watu watatu watakapoanza kuandika kwenye rejista moja, hiyo si rejista tena. Mfumo wa mtandaoni wa nyaraka za mradi kama Aconex au Procore mara nyingi utaletewa na mteja au mkandarasi mkuu kwenye mradi mkubwa. Ukiletewa, utumie, lakini endelea kutunza nakala zenu, na upakue kila kitu kabla ruhusa yenu ya kuingia haijafungwa mwishoni mwa mradi.

---

mhandisi_wa_saiti

Naongezea kutoka upande wa tunaopokea, maana huko ndiko makosa ya ofisini yanakogeuka zege.

Kabla kifurushi hakijatoka, kila karatasi ikaguliwe kwenye kile kisanduku cha maelezo cha kona ya chini kulia. Namba iliyo kwenye karatasi ifanane na jina la faili na ifanane na rejista. Toleo jipya liwe na tarehe, maelezo mafupi ya kilichobadilika, na vifupi vya jina la aliyechora na aliyekagua. Sehemu iliyobadilika izungushiwe wingu, na kando yake pembetatu yenye alama ya toleo. Mawingu ya toleo la nyuma yafutwe. Ukaguzi huu wote unaufanya bila kujua nondo hata moja, na ndio unaookoa. "Marekebisho ya jumla" si maelezo. Rudisha. Andikeni "kina cha msingi F3 kimeongezwa kutoka 1200 hadi 1500".

Skeli ni mtego wa pili. A1 ni milimita 594 kwa 841, A3 ni 297 kwa 420, yaani nusu kwa kila upande. Mchoro wa 1:50 uliopangwa kwa A1 ukichapwa kwenye A3 unakuwa 1:100, ilhali kisanduku bado kinasema 1:50. Hilo angalau linaonekana. Lisiloonekana ni printa ikiachwa ijitosheleze kwenye ukurasa: mchoro unapungua asilimia chache tu, jicho halitambui, na mtu akiweka rula anapata ukuta mfupi. Chapa kwa ukubwa halisi, kisha weka rula kwenye kipimo kimoja. Kwa 1:50, mita 5 lazima zisome milimita 100. Zikisoma 97, karatasi hiyo isitoke.

Hati ya makabidhiano iwe na namba yake inayofuatana, tarehe, anayepelekewa, njia, sababu ya kutoa, na orodha ya kila mchoro na toleo lake. Usiandike "michoro ya miundo, seti 1". Andika mmoja mmoja. Ikiwa ni karatasi, nakala ya pili irudi na sahihi, jina na saa. Ikiwa ni barua pepe, omba jibu la kupokea na ulifuatilie siku inayofuata. Hati ambayo haijarudi haifungwi kwenye faili, inabaki kwenye trei ya madeni.

Halafu nusu ya kazi ambayo wengi wanaisahau: kuondoa toleo la zamani. C02 ikija saiti, C01 lazima ikusanywe. Nakala moja inabaki kwa kumbukumbu ikiwa na mhuri mwekundu wa BATILI kukatiza mchoro wenyewe. Usiupige pembeni, pembeni panakatwa. Kwenye hati ya makabidhiano weka mstari: "Toleo hili linafuta C01. Nakala za C01 zimerudishwa: ngapi." Msingi mbaya wa ndugu karani nina hakika C02 ilifika saiti. Ilichokosa ni mtu wa kuiondoa C01 mikononi mwa msimamizi wa mafundi.

---

karani_mpya

Asanteni sana wakuu, nimeanza kunakili. Kuna jambo linanisumbua. Wahandisi wenyewe wanapiga picha mchoro na kuutuma kwa msimamizi wa saiti kwa WhatsApp, haupiti kwangu. Nikiuliza naambiwa saiti imesimama, hakuna muda wa makaratasi. Na hilo la ule msingi, kuna la kufanya upande wangu?

---

msimamizi_mikataba

Usishindane na WhatsApp, hutashinda. Weka kanuni mbili na mkurugenzi azisaini. Ya kwanza: chochote kilichotumwa kwa simu kina maandishi KWA TAARIFA TU, SI KWA UJENZI, na mchoro rasmi wenye hati ya makabidhiano unafuata siku hiyohiyo. Ya pili: mkandarasi anaandikiwa barua kwamba mchoro usio na hati kutoka masjala haujatolewa. Hiyo ya pili ndiyo yenye meno, kwa sababu mkandarasi mwenyewe ataanza kuwadai wahandisi wenu karatasi.

Sababu si urasimu. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ina kifungu cha 1.3 kinachotaka mawasiliano yawe kwa maandishi na yafikishwe kwa njia iliyokubaliwa. Toleo la 2017 limekaza zaidi: taarifa ya kimkataba lazima ijitaje kuwa ni taarifa. Ujumbe wa simu usiotajwa kwenye mkataba ni msingi dhaifu sana wa kusimamia.

Hapa ndipo kazi ya masjala inapokuwa nzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu siku zinahesabiwa kutoka kwenye mhuri wako. Kwa Kitabu Chekundu cha 1999, yaani mkataba wa FIDIC wa kazi za ujenzi, mkandarasi ana siku 28 za kutoa taarifa ya dai tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio, akipitisha anapoteza haki hiyo. Mhandisi akishapokea dai lenye maelezo kamili ana siku 42 za kujibu. Hati ya malipo ya muda inatolewa ndani ya siku 28 tangu mhandisi apokee maombi na viambatisho, na mteja analipa ndani ya siku 56 tangu siku hiyohiyo ya kupokelewa. Hizo ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Masharti maalumu ya mkataba wenu yanaweza kuwa yamebadilisha idadi, kwa hiyo kila mradi ufunguliwe karatasi moja ya siku zake, imetolewa kwenye mkataba wake na siyo kwa mazoea.

Mhuri wa kupokea uwe na tarehe, saa, namba ya masjala na vifupi vya aliyepokea. Barua ikiingia, unapiga mhuri, unaskani, unaandika kwenye rejista ya barua, ndipo karatasi inakwenda kwa mhusika. Ukimpa kwanza ili "aangalie tu", barua inalala kwenye gari lake na siku zinakimbia. Kwenye kalenda weka vikumbusho viwili, cha kwanza nusu ya muda na cha pili siku 5 kabla.

Maswali ya mkandarasi, yale yanayoitwa RFI, yawe na rejista yake: namba, swali kwa sentensi moja, mchoro unaohusika, tarehe ya kupokelewa, anayejibu, siku ya mwisho, siku lililojibiwa, na kolamu ya "je, jibu limebadilisha mchoro?" Kolamu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mhandisi anajibu kwa barua kwamba nguzo isogezwe, mchoro haubadilishwi, miezi sita baadaye fundi wa dari anafuata mchoro. Ikiandikwa ndiyo, RFI haifungwi mpaka toleo jipya limetoka.

Sasa ule msingi. Kusanya barua pepe zote, kurasa za daftari la mapokezi, picha za ujumbe wa simu na mafaili yenye tarehe zake za asili, viweke kwenye folda moja ya kusomwa tu. Usirekebishe chochote. Mtu akikuomba uandae hati ya makabidhiano leo na kuiandika tarehe ya nyuma, kataa, hata akiwa bosi. Hati moja ya kughushi inaua ushahidi mwingine wote uliokuwa wa kweli. Halafu mkumbushe mkurugenzi suala la bima ya dhamana ya kitaaluma, ile inayolipia madai ya makosa ya kitaalamu. Bima hizi kwa kawaida hulipa kwa kufuata bima iliyo hai siku dai linapotolewa, si siku kosa lilipofanyika, na zinataka kampuni ya bima ijulishwe mapema hata tukio linaloweza kuzaa dai. Kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kuwanyima malipo. Na barua yoyote ya kukiri kosa isitoke kabla kampuni ya bima haijajulishwa.

---

meneja_uendeshaji

Nichukue swali la tatu, ndugu zangu wameyamaliza yale mengine vizuri.

Kwanza ujue ukuta ulipo. Kusaini na kupiga mhuri wa kitaaluma ni kwa msanifu au mhandisi aliyesajiliwa peke yake. Hutafika huko kwa uzoefu wa masjala, na usikubali kuachiwa mhuri wa mhandisi kwenye droo yako au faili la sahihi yake ya kielektroniki "kwa dharura". Likitokea la kutokea, wewe ndiye uliyepiga.

Nje ya ukuta huo kuna milango mitatu. Wa nyaraka ndio huo uliofunguliwa: mdhibiti nyaraka wa mradi, kisha wa ofisi nzima, kisha msimamizi wa taarifa za mradi, hasa kwenye miradi ya BIM, yaani modeli za kidijitali za jengo, ambako ISO 19650 inataka majukumu ya kusimamia taarifa yawe na mwenyewe anayejulikana. Mlango wa pili ni zabuni. Mratibu wa zabuni anashika wasifu wa wataalamu ukiwa wa karibuni, vyeti vya usajili na tarehe za kuisha kwake, karatasi za miradi iliyokamilika, na ratiba ya kuandaa. Huko zabuni nzuri hufa kwa vitu vidogo: bei imeonekana ndani ya bahasha ya kitaalamu wakati mteja alitaka bahasha mbili, wasifu haukusainiwa na mwenyewe, hati ya uwakilishi imesahaulika, au mzigo umefika dakika kumi baada ya saa ya kufunga. Zabuni isomwe na mtu wa utawala mstari kwa mstari, kila neno "lazima" liingie kwenye orodha ya ukaguzi lenye jina la mhusika. Wahandisi huisoma kutafuta kazi, wewe unaisoma kutafuta sababu za kuenguliwa.

Wa tatu ni fedha za mradi, na kwa maoni yangu ndio unaofikisha mtu kwenye umeneja wa ofisi. Ofisi hizi zinauza saa. Fomu za saa zikikusanywa mwisho wa mwezi, watu wanabuni. Zikusanywe kila Ijumaa, kwa namba ya mradi na hatua yake. Kisha linganisha. Ikiwa hatua ya michoro ya kina ilikadiriwa saa 400, zimeshatumika 300, na michoro iliyokamilika ni nusu, mkurugenzi anatakiwa aambiwe wiki hii, wakati bado anaweza kupunguza kazi au kumwandikia mteja kuhusu kazi ya ziada. Ukimpelekea habari hiyo hatua ikiisha, ni hasara tu imeandikwa vizuri. Ankara nazo zifuate hatua za mkataba wa ada, na kila moja iambatane na hati ya makabidhiano ya kile kilichokamilika. Rejista yako inageuka ushahidi wa kudai pesa.

Kuna jambo nalisisitiza kwa kila mtu wa utawala kwenye fani hii. Mnahesabiwa kama gharama ya ofisi kwa sababu saa zenu hazina namba ya mradi. Omba kujaza fomu ya saa kama wahandisi, na kwenye pendekezo la ada linalofuata udhibiti wa nyaraka uwe na mstari wake na saa zake. Wateja wengi wa miradi mikubwa wanakubali, wengine wanaudai wenyewe. Ukiwa na saa zinazolipwa na mteja, mazungumzo ya mshahara yanabadilika kabisa, kwa sababu unaingia na takwimu mkononi.

Masomo: ujuzi wa Excel hadi majedwali ya muhtasari, kusoma michoro kwa kiwango cha kutambua mpango, mkato na mwonekano wa mbele, mafunzo ya ukaguzi wa ndani wa ISO 9001 (kiwango cha usimamizi wa ubora), na CAPM, cheti cha ngazi ya mwanzo cha usimamizi wa miradi cha taasisi ya PMI, ambacho kinahitaji elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Havihitaji shahada ya uhandisi.

---

karani_mpya

Mungu awabariki. La mwisho: miradi tayari ina mamia ya michoro iliyokwisha kutoka. Nijaze rejista tangu mwanzo wa kila mradi?

---

mdhibiti_nyaraka

Hapana, utazama. Chagua tarehe moja ya kukata kwa kila mradi. Kaa na mhandisi na msanifu wa mradi, muorodheshe toleo la sasa la kila mchoro, na hayo ndiyo yawe kolamu ya kwanza ya rejista yako, ukiandika juu "hali kufikia tarehe fulani". Tuma orodha hiyo kwa mkandarasi, ailinganishe na alichonacho saiti, asaini kila ukurasa na kuirudisha ndani ya siku 7. Anza na mradi ambao zege linamwagwa sasa. Iliyo kwenye hatua ya mawazo ya awali isubiri.

Orodha ikirudi na tofauti, usisahihishe rejista kimyakimya. Kila tofauti itolewe upya kwa hati ya makabidhiano yenye namba, hata kama mchoro ulishatumwa zamani, na mhandisi aangalie siku hiyohiyo kama kuna kitu kimeshajengwa kwa toleo la zamani. Historia ya nyuma ya tarehe ya kukata utaijaza kwa mradi wenye mgogoro tu, kwa maana hiyo ule wa msingi, na kwa kunakili kilichopo kwenye barua pepe na daftari. Palipo na pengo, acha pengo.